Uzi maalumu: The Shadows, magitaa yao, na namna ya kuipata sauti ya "Apache"

SoloKavu

Wakuu, salaam. Huu ni uzi wa The Shadows, bendi ya Uingereza iliyolipa gitaa la solo kiti cha mwimbaji. Tuweke hapa magitaa yao, amplifaya, mwangwi, na hasa kazi ya mikono. Naanza na "Apache", maana ndipo wanaojifunza wengi wanapokwama.

Wimbo aliutunga Jerry Lordan, akawaonjesha kwa ukulele wakiwa ziarani. Bert Weedon alikuwa ameshaurekodi, ila wa Shadows ndio uliowafikia watu. Walirekodi Juni 1960 Abbey Road, studio namba mbili, chini ya mtayarishaji Norrie Paramor. Ukatoka Julai, na kuanzia Agosti ukakaa namba moja Uingereza wiki tano. Hank Marvin solo, Bruce Welch rizimu, Jet Harris besi, Tony Meehan dramu. Ile ngoma nene ya mwanzoni na mwishoni ni ngoma ya Kichina, na aliyeigonga ni Cliff Richard, mwimbaji ambaye wao ndio walikuwa bendi yake.

Sasa sikilizeni rizimu. Wengi huchukua magitaa mawili ya umeme, mmoja solo mwingine rizimu, halafu wanashangaa wimbo umekuwa mwembamba. Bruce pale hapigi la umeme. Anapiga Gibson J-200, gitaa kubwa la mbao lisilo la umeme. Lile tumbo pana ndilo linalojaza katikati, na mlio wa piki (kile kipande cha kuchapia nyuzi) kwenye nyuzi unafanya kazi ya shekere. Ukikosa hilo, hata ukiwa na Stratocaster, lile gitaa la umeme la Fender, ya mwaka 1959 hutafika.

Kwa Hank mpangilio ni mfupi: gitaa, mashine ya mwangwi, amplifaya. Basi. Hakuna pedali ya kukoroga sauti. Sauti ni safi, kali kidogo, na kila noti ina mkia.

Besi_ya_Kale

Shukrani kwa kufungua, mkuu. Niongeze la rangi, kwa kuwa kila mara watu hubishana. Gitaa la Hank la 1959 ni Stratocaster ya Fiesta Red, shingo nzima ya mbao nyeupe ya mepo yenye madoa madogo kama macho ya ndege, na vyuma vilivyopakwa dhahabu. Namba yake ni 34346. Wengine wanaliita la pinki kwa sababu rangi ile hupauka, na kwenye picha za zamani inaonekana kama nyama ya samaki wa samoni. Ni nyekundu.

Cliff ndiye aliyeliagiza kutoka Marekani. Kabla ya hapo Uingereza ilizuia magitaa ya Marekani yasiingizwe tangu 1951 hadi 1959, kwa hiyo vijana walikuwa wanaziona Fender kwenye picha tu. Walitaka gitaa la James Burton, mpiga solo wa mwimbaji wa Marekani Ricky Nelson, wakijua tu kwamba ni Fender. Wakafungua katalogi wakachagua la bei ya juu kabisa, wakiamini ndilo lake. Kumbe Burton alikuwa anapiga Telecaster. Kosa hilo ndilo lililompa Hank mkono wa trimolo, yaani mpini unaolegeza na kukaza nyuzi ili sauti itikisike, na bila mkono huo sauti ya Shadows isingekuwepo.

Kabla ya hilo Hank alikuwa na Antoria, la Japani, ambalo shingo yake ilikuwa imepinda.

Kibao_cha_Pili

Mkuu SoloKavu, naomba kuuliza. Kwenye "Apache" si alitumia amplifaya ya Vox AC30? Na Stratocaster yangu ya kisasa, nikiweka pikapu (sumaku inayonasa mlio wa nyuzi) ya nyuma, inachoma masikio badala ya kuwa tamu. Nyuzi ni 9 hadi 42 (unene kwa elfu ya inchi).

FundiValvu

Nijibu la amplifaya. "Apache" ni AC15. AC30 ilikuja baadaye kidogo, kwa sababu Shadows walikuwa wanapiga kumbi ambazo mashabiki walipiga kelele kuliko muziki, na watti 15 hazikutosha. Dick Denney ndiye aliyekuwa mbunifu wa Vox, kampuni ya Tom Jennings kule Dartford, Kent.

AC15 ina valvu (taa za kioo za kukuza sauti) mbili za EL84 za nguvu. AC30 ina nne, pamoja na spika mbili za Celestion za inchi 12 zenye sumaku ya alniko, zile za buluu. Zote mbili hazina saketi ya kurudisha sehemu ya sauti nyuma ili kuituliza, tofauti na amplifaya nyingi. Ndiyo maana juu panameta na noti inaitikia nguvu ya mkono. Ukigusa polepole inasema polepole; ukikaza inabweka.

Kwa hiyo usiifungue hadi ipasuke. Pandisha sauti taratibu mpaka usikie noti nzito zinaanza kukwaruza, kisha rudisha nyuma kidogo. Hapo ndipo Hank anapokaa: ukingoni, upande wa usafi. Mwangwi juu ya sauti iliyopasuka ni uji.

Kwa mwenye amplifaya ya transista, bado unaweza. Besi nusu, katikati juu ya nusu kidogo, kali nusu. Usibane katikati. Amplifaya nyingi za leo zimekatwa katikati toka kiwandani, na melodi ya Hank inaishi hapo hapo.

SoloKavu

Kibao_cha_Pili, nyuzi zako ndizo tatizo. Mwaka 1960 hakukuwa na nyuzi laini za 9. Magitaa yale yalifungwa nyuzi nene, na uzi wa tatu, G, ulikuwa umezungushiwa waya kama ule wa nne. Uzi mnene una uzito, unapigwa kwa nguvu bila kuyumba, na noti inatoka mviringo. Uzi wa 9 kwenye pikapu ya nyuma unatoa ncha tu, mwili hauna.

Weka seti ya 11 hadi 49 au 12 hadi 52, yenye G ya kuzungushiwa. Ukianza na 11 vidole havitaumia sana. Halafu jua kwamba ukibadilisha unene, gitaa lote linadai marekebisho. Nyuzi nene zinavuta zaidi, na usipozifuata, mambo yanaharibika kwa mpangilio huu:

Daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, litainuka mbele kwa kuwa springi za nyuma zimezidiwa. Fungua kifuniko cha nyuma. Kama kuna springi tatu, ongeza ya nne. Kwa 12 pengine tano. Kisha kaza skrubu mbili kubwa zinazoshika kibao cha springi, robo mzunguko kila upande, tyuni tena, pima tena. Lengo ni nyuma ya daraja iwe juu ya mwili wa gitaa kama milimita 3. Ikilala kabisa, mkono utashuka tu hautapanda. Ikipanda mno, kila unapoegemeza kiganja sauti itayumba.

Shingo itapinda mbele. Bana uzi wa sita kwenye freti (vile vyuma vya kukingama shingoni) ya kwanza na ya mwisho, halafu tazama nafasi katikati, karibu na freti ya saba. Karatasi mbili tatu zipite. Nafasi ikiwa kubwa, kaza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, acha gitaa mpaka kesho, tazama tena. Usikaze nusu mzunguko kwa pupa. Chuma kikikatika, shingo imekwisha.

Vijia vya kizingiti cha kichwani vitakuwa vyembamba kwa nyuzi mpya. Utasikia "tik" unapotyuni. Hapo uzi umekwama kisha umeruka. Panua kwa faili ndogo ya duara, kidogo kidogo, uking'arisha bila kuchimba chini. Ukichimba, uzi utagonga freti ya kwanza. Mwisho sugua ncha ya penseli ndani ya vijia. Ile risasi ya penseli ni kilainishi kizuri kuliko mafuta, kwa sababu mafuta hukamata vumbi.

Uzi_wa_Tatu

Hapo kwenye uzi wa tatu, niweke jambo ambalo mafundi wengi wanalikosa. Ukitoka kwenye G tupu kwenda G ya kuzungushiwa, lazima usogeze kitandiko chake, kile kipande kidogo kinachobeba uzi, kwenye daraja. Waya wa ndani wa G ya kuzungushiwa ni mwembamba kuliko G tupu, kwa hiyo hauhitaji kurudishwa nyuma sana. Kisogeze mbele, kuelekea shingoni. Piga freti ya 12 na linganisha na mlio wa harmoniki (uzi ukiguswa tu bila kubanwa) ya hapo hapo. Freti ikiwa juu, rudisha nyuma. Ikiwa chini, sogeza mbele. Usipofanya hivyo, kila kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya D na A itasikika chachu, na utalaumu vikazio bure.

Bruce Welch alijulikana kwa kutovumilia gitaa lisilotyuniwa. Kwa bendi yenye melodi moja juu ya rizimu tupu, hakuna mahali pa kujificha. Noti ya Hank ikiwa sawa na kodi ya Bruce ikiwa imelegea hata kidogo, wimbo unanuka.

Kibao_cha_Pili

Nimeelewa, wakuu. Na ile pikapu ya nyuma bado ni kali?

SoloKavu

Ndiyo, na kuna sababu. Kwenye waya za Stratocaster za asili, kitufe cha sauti kinahudumia pikapu zote, lakini vitufe viwili vya toni ni vya pikapu ya shingoni na ya katikati. Pikapu ya nyuma haina toni kabisa. Kwa hiyo ukizungusha vitufe ukidhani unapunguza ukali, hakuna kinachotokea.

Fundi mwenye chuma cha kuchomelea anaweza kuunganisha kipande cha waya kwenye swichi, kati ya mguu wa pikapu ya katikati na mguu wa pikapu ya nyuma, upande wa toni. Kazi ya dakika kumi. Toni ya pili itahudumia zote mbili, ushushe mpaka 7 au 8. Lakini kabla ya kuchomelea, angalia urefu wa pikapu. Bana uzi kwenye freti ya mwisho, pima kutoka chini ya uzi hadi kwenye sumaku: kama milimita 2 upande wa uzi mwembamba, 2.4 upande wa uzi mnene. Ikiwa juu zaidi ya hapo, sumaku zinavuta uzi wenyewe. Dalili yake ni noti za juu kwenye uzi wa sita zinazosikika kama zina noti mbili ndani, na haitibiki kwa kutyuni.

Hank hutegemea pikapu ya nyuma sana, ila mkono wake wa kulia unatembea. Sehemu anayotaka uchungu anapiga karibu na daraja. Sehemu tamu anasogea juu ya pikapu ya katikati. Gitaa lake la zamani lilikuwa na swichi ya hatua tatu. Nafasi za katikati ya hatua ilibidi uisimamishe swichi kwa uangalifu isirukie upande. Za leo zina hatua tano, ni rahisi zaidi.

MpendaEko

Wakuu mmefika mbali bila kugusa roho yenyewe: mwangwi. Hank alikuwa na Meazzi Echomatic, mashine ya Italia iliyomfikia kupitia mpiga gitaa Mwingereza Joe Brown. Baadaye akatumia Binson Echorec, nayo ya Italia. Meazzi inatumia utepe wa sumaku, Binson inatumia diski inayozunguka iliyozungushiwa waya wa chuma. Kanuni ni moja: kichwa kimoja kinarekodi, vichwa kadhaa vinasoma kila kimoja kwa wakati wake, kingine kinafuta.

Muda unatokana na umbali ukigawanywa kwa kasi. Utepe ukienda sentimita 19 kwa sekunde, kichwa kilichowekwa sentimita 2.5 mbele kinatoa mwangwi baada ya milisekunde 130 hivi, na kilichowekwa sentimita 7.6 kinatoa baada ya 400. Vichwa vikiwa vingi na umbali wake usio sawa, unapata mwangwi unaocheza, yaani "ta-ka, ta-ka-ta" nyuma ya noti moja. Huo ndio Shadows. Mwangwi mmoja wa kawaida unaorudi sawasawa kama saa hautakupa.

Kwa pedali za dijitali, mahali pazuri pa kuanzia ni dilei (pedali za kuchelewesha sauti) mbili. Ya kwanza milisekunde 130, irudie mara moja. Ya pili 400, irudie mara mbili au tatu. Kiasi cha mwangwi robo hivi ya sauti kavu, usizidishe theluthi. Ziunganishwe sambamba kama mikisa yako inaruhusu. Ukizipanga moja baada ya nyingine, ya pili itarudia hata marudio ya ya kwanza, na noti tatu zikifuatana unapata ukungu. Kama huna njia nyingine, tanguliza fupi na uipunguze sana.

Halafu kata ukali wa marudio. Utepe unapoteza noti kali kila unaporudia, ndiyo maana mwangwi wa kweli unarudi nyuma ya melodi badala ya kugombana nayo. Pedali yenye kitufe cha toni ya marudio, ishushe chini ya nusu. Yenye mtikisiko, weka kidogo sana. Utepe na gurudumu lake la mpira havizunguki sawa daima, na ule mchezo mdogo ndio unaofanya noti ndefu ionekane ina pumzi.

Rivabu ya springi, ule mwangwi wa ndani ya amplifaya, iweke sifuri. Studio ya Abbey Road ilikuwa na chumba chake cha mwangwi kilichoongeza nafasi, lakini hicho ni cha kuchanganyia sauti. Usikifuate kwenye amplifaya.

FundiValvu

MpendaEko amesema kweli. Niongeze kwamba mashine zile zilikuwa na valvu ndani, na gitaa lilipitia humo hata mwangwi ukiwa umezimwa. Zilinenepesha sauti. Kwa hiyo mwenye pedali ya dijitali akiona sauti ni nyembamba, aongeze pedali ya kukuza sauti kabla ya amplifaya, bila kukoroga.

Kwa wanaonunua mashine za zamani za utepe: uliza kwanza gurudumu la mpira. Likigumu au likipata bonde kwa kukaa miaka mahali pamoja, sauti itapanda na kushuka kama gari lenye tairi bovu. Vichwa visafishwe kwa spiriti safi na pamba ya kijiti, visikwaruzwe na chuma. Utepe ukiacha unga wa kahawia kwenye vichwa, umekufa, badilisha.

Besi_ya_Kale

Naomba Jet Harris asisahaulike. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa Uingereza kushika Fender Precision, na yeye ndiye aliyependekeza jina la The Shadows mwaka 1959, kwa sababu jina lao la kwanza, The Drifters, lilikuwa la kundi la Marekani. Precision za wakati ule zilikuwa na kipande cha sifongo chini ya kifuniko cha chuma cha daraja, kikigusa nyuzi. Besi inatoka fupi, "dum", kisha inakufa. Hilo linaiachia nafasi gitaa la solo na mwangwi wake. Mtu akipiga besi ndefu inayolia, mwangwi wa Hank unazama.

Kata sifongo ya kuoshea vyombo, upana wa kidole, ichomeke chini ya nyuzi karibu na daraja mpaka noti idumu kama sekunde moja. Piga kwa piki. Hiyo inatosha.

Meehan aliondoka 1961 akaja Brian Bennett. Jet akaondoka 1962 akaja Brian "Licorice" Locking, kisha John Rostill 1963. Kila besi ina ladha yake: linganisheni "Kon-Tiki" ya Jet na "Atlantis" ya Licorice mtasikia.

MwanaPwani_Solo

Wakuu, swali la huku kwetu. Kwa mtu wa Mombasa, Tanga, Dar au Unguja, nyuzi hazidumu. Na AC30 ya zamani kutoka Uingereza inafaa umeme wetu?

FundiValvu

Umeme: AC30 za zamani za Uingereza zina kiteuzi cha volti nyuma, hatua ya juu ni 245. Tanzania ni 230, Kenya 240. Weka 245 na usiguse tena. Ukiweka 225 kwenye umeme unaopanda usiku, valvu zinachomwa polepole. Zilizotengenezwa kwa Marekani pekee zinataka 120, hivyo tafuta transfoma ya kushusha yenye VA 300 au zaidi. Usinunue ile ndogo ya pasi ya safari.

AC30 ni ya moto sana. EL84 nne ndani ya boksi lililobanwa. Iache sentimita 15 hivi kutoka ukutani, usiifunike kitambaa juu. Valvu moja ikiwaka nyekundu kwenye bati lake la ndani, zima papo hapo. Ukiacha, itaondoka na transfoma ya sauti, ambayo ndiyo sehemu ya gharama.

Ukisikia mnguruko wa chini usioisha hata ukitoa waya wa gitaa, kapasita za kuchuja umeme zimekauka. Hapo mpelekee fundi anayejua valvu. Mle ndani kuna zaidi ya volti 300 na zinabaki hata baada ya kuchomoa plagi. Mtu asiye na uzoefu asifungue.

Uzi_wa_Tatu

Kuhusu nyuzi pwani: chumvi ya hewani na jasho vinakula vile vya kuzungushiwa kwanza. Uzi ulioshika kutu kwenye mizunguko unapoteza mlio mkali, na Shadows bila mlio mkali hakuna. Futa kila uzi kwa kitambaa kikavu cha pamba ukimaliza, ukipitisha chini na juu. Weka gitaa ndani ya boksi lake na vifuko vya silika, vile vinavyokuja kwenye viatu na vifaa vya umeme. Vikishajaa maji vikaushe kwenye jua kali. Nyuzi zilizofunikwa utando wa plastiki hudumu zaidi, ila mlio wake umezimika kidogo toka siku ya kwanza. Kwa muziki huu nachagua za nikeli za kawaida na kubadilisha mapema.

Skrubu sita za mbele za daraja la Stratocaster nazo hushika kutu. Daraja linapaswa kuinama juu yake kama mlango kwenye bawaba. Zikaze mpaka ziguse bamba, kisha zilegeze robo mzunguko. Zikikazwa mpaka mwisho, mkono wa trimolo hautarudisha nyuzi mahali pake.

Kibao_cha_Pili

Mmetaja mkono wa trimolo mara nyingi. Hank anautumiaje hasa? Nikiushika, siwezi kuziba nyuzi kwa kiganja, na "F.B.I." inataka kuziba.

SoloKavu

Swali zuri kuliko yote hapa. Hank hauachi mkono wa trimolo ukining'inia. Anaushika ndani ya kiganja kwa vidole vya mwisho huku piki iko kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Kwa hiyo kila noti mkono uko tayari. Anaufanyia kazi mbili. Ya kwanza, mtikisiko mwishoni mwa noti ndefu, mwepesi na wa polepole, kama mwimbaji anayemalizia pumzi. Ya pili, anaubonyeza kidogo kabla ya kupiga noti, halafu anauachia, noti inapanda mpaka mahali pake. Watu huiga hili kwa kuvuta uzi kwa kidole, na haliwi lile. Kuvuta kunapandisha uzi mmoja. Mkono unapandisha zote na sauti inakuwa laini zaidi.

Kwa kuziba: "F.B.I." inaanza kwenye nyuzi nene, ufunguo wa A, na kila noti imezibwa. Kalisha ubavu wa kiganja, upande wa kidole kidogo, juu ya vitandiko vyenyewe. Ukisogea mbele hata sentimita moja, noti inakufa. Ukirudi nyuma, inalia wazi. Unatafuta "duk" yenye noti ndani yake. Na usiegemee, maana daraja linaelea. Uzito wa kiganja unapandisha sauti yote.

Ugumu ulioutaja, Hank mwenyewe aliutatua baadaye kwa mkono wa trimolo uliopindwa uitwao Easy-Mute. Umepindwa ili ukae chini na karibu na kiganja, hivyo mtu anaziba na kutikisa kwa wakati mmoja. Kwa mkono wa kawaida, sehemu zilizozibwa uuachie, kwenye melodi uushike tena. Fanyia mazoezi mpito huo peke yake, polepole, kabla ya wimbo.

MwanaPwani_Solo

Naona inafanana na solo ya dansi letu, sauti safi na mwangwi.

SoloKavu

Usafi wa sauti ndiyo, kazi ni tofauti. Kwa Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, solo inajibizana na mwimbaji na kusukana na magitaa mengine, inazunguka. Hank hazunguki. Anaimba melodi moja kwa moja, noti chache, kila moja na nafasi yake, kwa kuwa hakuna mwimbaji wa kumjibu. Mpiga solo wa dansi akija kwenye "Wonderful Land" kosa lake la kwanza ni kujaza nafasi. Acha mwangwi ujaze. Wimbo huo nao ni wa Lordan, uliongezewa vinanda vya nyuzi na pembe za Kifaransa na Paramor, ukakaa namba moja wiki nane mwaka 1962. Gitaa pale halishindani na okestra hata mara moja.

Besi_ya_Kale

Kuna wanaodhani Hank alipiga Stratocaster miaka yote. Kuanzia 1964 walihamia Burns, za Muingereza Jim Burns. Burns Marvin ilibuniwa pamoja na Hank, sababu kubwa ikiwa tatizo la kutyuni alilokuwa nalo kwenye Fender. Kichwa chake kimejikunja kama cha fidla, pikapu tatu, na nyuma ya daraja kila uzi unapita ndani ya kibomba chake. Mkono wake unaegemea ukingo mkali kama wa kisu, kwa hiyo msuguano ni mdogo na nyuzi zinarudi sawa. Rekodi za katikati ya miaka ya 60 zina sauti ya Burns, nene zaidi na yenye mng'aro tofauti. Anayezifuata kwa Stratocaster asishangae.

Kibao_cha_Pili

Shukrani, wakuu. La mwisho: dukani nimekosa seti ya 11 yenye G ya kuzungushiwa. Zipo seti za gitaa la mbao, ambazo G yake imezungushiwa. Nichomoe G humo?

Uzi_wa_Tatu

Hapana. Nyuzi za gitaa la mbao zimezungushiwa bronzi, na bronzi haivutwi na sumaku. Pikapu itasoma waya mwembamba wa ndani tu, G yako itasikika ndogo kuliko nyingine zote, na hakuna urefu wa pikapu utakaorekebisha. Tafuta uzi mmoja mmoja wa nikeli, kati ya 20 na 24, uliozungushiwa. Ukikosa kabisa, weka G tupu ya 18 kwa sasa, rudisha kitandiko chake nyuma, na upige melodi za uzi wa tatu juu kidogo ya pikapu ya katikati ili zisipige ukali.